Rabindranath Tagore na Shule ya Chini ya Miti

Rabindranath Tagore alizaliwa tarehe 7 Mei, 1861, katika mji wa Calcutta, nchi ya Bara Hindi. Ukoo wake ulikuwa ukoo wa matajiri. Babu yake, Dwarkanath, alikuwa mfanya biashara mkubwa, na baba yake, Debendranath, aliheshimiwa mno kwa uchaji wake, hata watu wakampa jina la Maharishi, maana yake mtakatifu mkuu. Nyumba yao ilikuwa na nyua nyingi na ngazi nyingi, na jamaa wengi walikaa humo pamoja. Lakini mtoto aliyezaliwa katika nyumba kubwa si lazima awe huru. Rabindranath alikuwa mdogo wa watoto wote waliobaki hai. Mama yake hakuwa na afya njema, na baba yake alikuwa safarini mara nyingi. Kwa hiyo alilelewa na watumishi.

Mtumishi mmoja, jina lake Shyam, alikuwa na hila yake ya kujipunguzia kazi. Alimketisha mtoto mahali pamoja chumbani, akachora duara kwa chaki sakafuni kumzunguka, akamwonya kwa uso mkali ya kuwa akivuka mstari ule atapatwa na balaa. Mtoto alikuwa amekwisha kusikia katika hadithi za kale habari za Sita, mke wa Rama, aliyevuka mstari aliokatazwa akachukuliwa na adui. Basi hakuthubutu kuondoka. Alikaa karibu na dirisha saa nyingi, akitazama ziwa dogo lililokuwa chini, watu wakija kuoga kila mmoja kwa namna yake, na mti mkubwa wenye mizizi iliyoning'inia kutoka matawini.

Siku moja aliwaona wakubwa wake wakipelekwa shuleni kwa gari, akalia sana kwa kutaka kwenda nao. Akapelekwa, wala hakukawia kujuta. Katika shule ile ya kwanza, mtoto aliyeshindwa kusema somo lake kwa moyo alisimamishwa juu ya benchi, mikono ameinyosha, na vibao vya kuandikia vikapangwa juu ya viganja vyake. Katika shule ya pili watoto waliimbishwa wimbo wa Kiingereza kila asubuhi, wala hapana hata mmoja aliyejua maana yake. Aliporudi nyumbani Rabindranath alijifanya mwalimu. Wanafunzi wake walikuwa nguzo ndogo za mbao za ukingo wa baraza. Aliwagawanya wema na wabaya, kisha akawachapa wabaya kwa fimbo bila huruma mpaka mbao zikaharibika. Maneno ya elimu alikuwa hajayapata bado, lakini ukali wa waalimu alikuwa amekwisha kujifunza barabara.

Nyumbani nako hakupumzika. Alfajiri alishindana mieleka na bingwa aliyewafundisha; baada ya hayo hesabu na Kibengali; kisha shule; jioni mazoezi ya viungo na kuchora; na usiku, kwa nuru ya taa, mwalimu wa Kiingereza alikuja, naye mtoto akisinzia juu ya kitabu. Alitolewa shule hii akatiwa shule ile, hata alipokuwa na umri wa miaka kama 14 jamaa zake wakakata tamaa, wakamwacha.

Lakini kabla ya hapo, mwaka 1873, lilitokea jambo moja kubwa kwake. Baba yake alimchukua safarini. Kwanza walikwenda Bolpur, mahali palipokuwa nyika kavu ya udongo mwekundu. Hapo Debendranath alikuwa amepata kiwanja mwaka 1863 kwa ajili ya miti miwili aliyopenda kukaa chini ya kivuli chake, akajenga nyumba, akaiita Santiniketan, maana yake makao ya amani. Yule mtoto wa duara la chaki aliachwa azunguke popote alipotaka, akiokota mawe makorongoni. Baba yake alimpa fedha azitunze na kuandika hesabu, akampa na saa yake ya dhahabu aitie ufunguo kila siku. Mtoto akaitia ufunguo kwa bidii kupita kiasi, saa ikaharibika, ikabidi ipelekwe Calcutta kutengenezwa; wala baba hakumkemea. Kutoka huko wakaenda Amritsar, na mwisho milima ya Himalaya. Huko mtoto aliamshwa usiku ungali na giza ajifunze Kisanskriti, akaoga maji ya baridi kali, na usiku baba yake akamwonyesha nyota na kumweleza majina yake. Katika miezi ile michache alijifunza kuliko miaka yote ya shule.

Mwaka 1878 alipelekwa Uingereza kusoma, akarudi mwaka 1880 bila cheti cho chote. Mwaka 1883 alimwoa Mrinalini Devi, wakapata watoto watano. Kisha baba yake akamwagiza kuangalia mashamba ya ukoo huko Shelidah, kando ya mto Padma. Alikaa sana katika mashua mtoni, akitunga hadithi na mashairi, na hapo ndipo mara ya kwanza alipowajua wakulima maskini, na madeni yao, na magonjwa yao.

Watoto wake walipokua, Rabindranath hakutaka wapite njia aliyopita yeye. Tarehe 22 Desemba, 1901, alifungua shule ya bweni pale Santiniketan. Wanafunzi walikuwa watano tu, mmoja wao ni mwanawe Rathindranath. Na idadi ya waalimu ilikaribia idadi ya wanafunzi. Msaidizi wake mkubwa siku hizo alikuwa Brahmabandhab Upadhyay, Mhindi aliyeingia dini ya Kikristo, na Mwingereza mmoja alifundisha Kiingereza. Mwanzoni ada haikutozwa. Basi fedha zilitoka wapi? Rabindranath aliuza nyumba aliyokuwa nayo pwani katika mji wa Puri, na Mrinalini akatoa mapambo yake ya dhahabu, karibu yote, yakauzwa. Mwanamke huyo anastahili kukumbukwa, kwa maana watu wengi humtaja mumewe tu.

Maisha ya shule ile yalikuwa magumu kwa mwili. Yapata saa kumi na nusu alfajiri kengele ilipigwa, na wavulana kadha wa kadha walizunguka kiwanja wakiimba ili kuwaamsha wenzao. Kila mmoja alitandika kitanda chake, wakafagia, wakafanya mazoezi, wakaenda kuoga. Baada ya kuoga kila mtoto alichukua busati lake, akakaa peke yake mahali pa wazi kama robo saa, kimya. Hakuna aliyemwuliza alifikiri nini. Alitakiwa tu akae kimya. Kisha wote walisimama pamoja wakasali, wakapata chakula cha asubuhi, na masomo yakaanza.

Madarasa yalikuwa chini ya miti, kila mwanafunzi juu ya busati lake, na mwalimu ameegemea shina. Mvua ikinyesha walikimbilia barazani. Wala si ajabu kama mtoto aliacha kitabu kidogo akamtazama kindi akipanda tawini. Mwalimu mwema aligeuza somo likawa la kindi. Masomo yenyewe hayakuwa machache: Kibengali, Kisanskriti, Kiingereza, hesabu, historia, jiografia, na elimu ya viumbe. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kibengali, lugha ya nyumbani kwao, jambo ambalo watu wengi wa siku zile waliliona ni upungufu. Tena mtoto hakufungwa katika darasa moja kwa masomo yote: aliyekuwa hodari wa hesabu alikaa na wakubwa kwa hesabu, na kama Kiingereza chake ni dhaifu akakaa na wadogo kwa Kiingereza.

Chakula kilikuwa wali, dengu na mboga, bila nyama. Alasiri walisoma tena, kisha wakacheza mpira hata jua likatua. Usiku palikuwa na hadithi, nyimbo na michezo ya kuigiza, na mara nyingi Rabindranath mwenyewe aliitunga michezo hiyo akaigiza pamoja nao. Siku ya mapumziko ilikuwa Jumatano. Fimbo haikutumika. Mkosaji alihukumiwa na baraza la wanafunzi waliochaguliwa na wenzao, na wanaojua wavulana watakubali ya kuwa baraza kama hilo si jepesi kulidanganya.

Si kwamba shule haikuwa na makosa. Katika miaka ya kwanza desturi za tabaka zilifuatwa, hata katika kula. Zikaja kuachwa polepole. Tena wazazi wengine waliwaleta watoto watundu waliowashinda nyumbani, kana kwamba Santiniketan ni mahali pa kurudiwa.

Mwaka haujatimia tangu kufunguliwa shule, msiba ukabisha hodi. Mrinalini alifariki tarehe 23 Novemba, 1902. Mwaka 1903 binti yao Renuka alikufa kwa kifua kikuu. Mwaka 1904 mwalimu kijana mpendwa, Satish Chandra Roy, alikufa kwa ndui, shule ikahamishwa kwa muda. Mwaka 1905 Debendranath alifariki. Kisha mwanawe mdogo, Samindranath, ambaye mapema mwaka 1907 alikuwa ameongoza wenzake kufanya sikukuu ya majira ya maua, alikufa kwa kipindupindu mwezi wa Novemba mwaka ule ule, hajatimiza miaka 11. Baba akarudi shuleni kufundisha watoto wa watu wengine. Sikukuu ile ya majira haikuachwa.

Serikali ya Waingereza nayo iliitilia shule shaka. Waraka wa siri ulitoka ukiwaonya watumishi wa serikali wa sehemu ya mashariki ya Bengal wasiwapeleke watoto wao huko, na wazazi wengine wakawaondoa wana wao. Madeni yakaongezeka.

Mwaka 1912 Rabindranath alikwenda Uingereza tena, akichukua mashairi yake ambayo yeye mwenyewe ameyafasiri kwa Kiingereza. Rathindranath, aliyechukua mkoba, akausahau katika treni ya chini ya ardhi mjini London! Kwa bahati ukaonekana katika ofisi ya vitu vilivyopotea. Mashairi hayo yalichapishwa kwa jina la Gitanjali, na mwaka 1913 Rabindranath akapewa Tuzo ya Nobel, mtu wa kwanza wa Asia kuipata kwa uandishi. Fedha nyingi za tuzo ile aliziweka katika benki ya wakulima huko Patisar, ili wakulima wakopeshwe kwa riba nafuu, na faida iisaidie shule.

Mwaka 1915 alikuja mgeni, Mohandas Gandhi, aliyekuwa ametoka Afrika ya Kusini. Gandhi aliona wapishi na wafagiaji wakiwatumikia wavulana, akawauliza kwa nini wasijifanyie kazi wenyewe. Tarehe 10 Machi wanafunzi na waalimu wakaanza kupika, kuosha sufuria, kufagia, na kusafisha vyoo. Rabindranath akaridhia. Wengine walifurahi, wengine walinung'unika, na baada ya wiki chache mambo yakarudia yalivyokuwa.

Mwaka huo Mfalme wa Uingereza alimpa Rabindranath daraja ya heshima, akaitwa Sir. Lakini mwaka 1919 askari waliwapiga risasi watu waliokusanyika bila silaha katika Amritsar, mji ule ule aliouona utotoni pamoja na baba yake, wakafa watu mamia. Rabindranath akamwandikia mwakilishi wa Mfalme, akairudisha daraja ile.

Shule ikakua. Mwaka 1921 kikaundwa chuo kikuu cha Visva-Bharati, ambacho milango yake ilikuwa wazi kwa wataalamu wa nchi zote; na mwaka 1922, katika kijiji jirani cha Surul, kazi ya Sriniketan ilianza, ya kilimo, ufundi na vita dhidi ya malaria. Wasichana nao walisoma humo. Ili kupata fedha, mzee huyu aliendelea kusafiri na wanafunzi wake, wakicheza michezo mjini kwa mji, hata mwaka 1936 Gandhi akamtafutia rupia 60,000 ili apumzike.

Mwezi wa Julai, 1941, alipelekwa Calcutta kupasuliwa. Alifariki tarehe 7 Agosti, mwenye umri wa miaka 80, katika nyumba ile ile ya nyua nyingi aliyozaliwa. Wimbo wake mmoja ni wimbo wa taifa la India, na mwingine ni wa Bangladesh. Amartya Sen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, alisoma utotoni chini ya miti ya Santiniketan, na mwaka 2023 mahali hapo paliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Wadogo bado hukaa chini ya miembe na waalimu wao. Na kila mwaka tarehe 10 Machi watumishi hupumzika, na wanafunzi hushika mafagio.