Andrew Foster na watoto walioambiwa hawapo

Jirani yangu ana binti wa miaka mitatu ambaye hageuki akiitwa. Bibi yake asema ataongea tu, kwani hata babake alichelewa. Wageni wakija, mtoto hupelekwa chumbani. Kila nikiona hivyo humkumbuka Andrew Foster.

Foster alizaliwa mwaka 1925 Ensley, katika jimbo la Alabama, Marekani, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Alipofika miaka 11, homa ya uti wa mgongo ilimshika yeye na nduguye, wakawa viziwi wote wawili. Hapa tusipite haraka, ndugu msomaji. Kwa miaka 11 alikuwa akisikia na kusema. Masikio yalikwenda, lugha ikabaki.

Shule ya viziwi weusi ya Alabama ilimfikisha darasa la sita basi. Alihamia Detroit, akafanya kazi na kusoma kwa njia ya posta. Chuo cha viziwi cha Gallaudet, mjini Washington, kilimkataa mara kadhaa kwa sababu ya rangi yake. Kilipomkubali, alimaliza kwa miaka mitatu, na mwaka 1954 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata digrii hapo.

Mwaka 1957, Ghana ikiwa imetoka tu kupata uhuru, alishuka Accra. Wamishonari wenye kusikia walimwambia Afrika haina watoto viziwi. Walikuwako, ila majumbani, wamefichwa. Alianza kuwafundisha katika darasa la kuazima, wanafunzi wanaosikia wakishaondoka, na mara nafasi zikawa haba.

Tofauti yake na wengi wao ilikuwa moja. Yeye alipoteza kusikia akiwa na lugha tayari. Wao walizaliwa hivyo, au waliugua wakiwa wachanga. Mtoto hupata lugha kwa kusemeshwa tangu siku za mwanzo. Asiyesikia, kama hakuna wa kumsemesha kwa mikono, miaka hiyo humpita mitupu, hata awe na akili kiasi gani. Ukimleta shuleni na miaka 12, mwalimu aanzia kumjulisha kwamba ana jina.

Foster alikuwa mmishonari na mimi ni Muislamu, lakini haki ya mtu haifichwi. Lawama pia ipo. Alifundisha kwa ishara za Kimarekani, ilhali Ghana hiyo hiyo ina kijiji cha Adamorobe, chenye lugha yake ya ishara ya tangu zamani. Naona lawama hiyo ni ya kweli. Ila wale waliofungiwa chumbani peke yao hawakuwa na ishara za kijiji wala za Marekani.

Alimuoa Berta, Mjerumani, kiziwi kama yeye. Kila mwaka alirudi Marekani kuomba michango, kisha akaja tena Afrika: Nigeria, Kodivaa, hadi Kongo. Alianzisha shule zaidi ya 30, na baadhi ya wanafunzi wake wakawa walimu wa viziwi wenzao. Tarehe 3 Desemba 1987 ndege ndogo aliyopanda ilianguka Rwanda. Alikuwa na miaka 62.

Mama wa yule binti amekubali tumpeleke akapimwe masikio wiki ijayo. Bibi bado amenuna.