Maisha ya Daktari Albert Cook, Aliyeandika Elimu ya Uzazi kwa Lugha ya Mama

Leo twataja maisha ya mtu asiyekuwa Mwislamu, tena mtu wa misheni, aliyekuja nchi zetu kuhubiri dini yake na kutibu wagonjwa. Twamtaja kwa sababu kumpata katika kila mji mtu ajuaye kuzalisha ni katika faradhi za kutosheleza: wakiiacha wote, wote wana dhambi. Na elimu yenye manufaa mtu huitwaa aionapo, wala haulizi imepitia mlango wa nani.

Albert Ruskin Cook alizaliwa London mwaka 1870. Alisoma Cambridge, kisha akajifunza utabibu katika hospitali ya St Bartholomew's. Mwaka 1896 aliteremka Mombasa pamoja na wenzake wa Church Missionary Society. Reli ya Uganda ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kujengwa, basi msafara wao ulikwenda kwa miguu, ukafika Mengo, katika Buganda, mwezi wa Februari 1897. Katika msafara huo alikuwamo muuguzi, Katharine Timpson, ambaye Cook alimwoa mwaka 1900. Hospitali ya Mengo ilianza mwaka ule ule waliofika. Mwaka 1902 ilipigwa na radi ikaungua, nao wakaijenga upya.

Tabibu asiyejua maneno ya mgonjwa wake hutibu kwa kubahatisha. Cook alijifunza Kiganda, na mwaka 1903 kikachapishwa kitabu chake cha maneno ya utabibu na mazungumzo katika lugha hiyo. Baadaye yeye na mkewe walitunga kitabu cha ukunga, Amagezi Agokuzalisa, yaani maarifa ya kuzalisha. Mwaka 1921 ilifunguliwa Mengo shule ya wakunga iliyoitwa kwa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana. Bibi Cook ndiye aliyekuwa nguzo ya kazi hiyo, na wasichana waliohitimu walipelekwa mashamba kuzalisha wanawake wenzao.

Elimu yenyewe, tukiieleza kwa Kiswahili chetu, mwanzo wake ni huu. Mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na muda wake ni kadiri ya siku 280, yaani wiki 40. Mtoto hukaa katika mji wa mimba, ndani ya chupa ya maji. Kufikia mwisho wa wiki ya 10 kwa hesabu hiyo viungo vyake vikuu vimekwisha kuanza kuumbika, na tangu hapo huitwa kijusi, au janini kama wasemavyo wenye kutumia Kiarabu. Chakula na pumzi humfikia kutoka katika kondo la nyuma kwa njia ya mshipa wa kitovu. Uchungu nao una daraja tatu: kwanza hufunguka mlango wa mji wa mimba mpaka upana wa sentimita 10, kisha huzaliwa mtoto, kisha hutoka kondo. Mtu aliyeyajua maneno haya machache amekwisha kupata ufunguo wa mlango mkubwa.

Haki yatupasa kutaja na aibu ya mtu huyu. Katika miaka ya 1900 yeye na madaktari wa serikali ya Kiingereza walitangaza kwamba Waganda wengi mno wana kaswende, wakailaumu tabia yao, na hasa ya wanawake wao. Kazi ya ukunga ya Mengo ilipata nguvu kutokana na hofu hiyo. Wachunguzi waliokuja baadaye walionyesha kwamba wengi katika wagonjwa wale yaelekea walikuwa na buba, maradhi yasiyoambukizwa kwa zinaa. Basi mtu aweza kuwa hodari wa elimu, na huku jicho lake lawadhulumu wale anaowatibu. Tutwae elimu, na dhana mbaya tuiache alipoiacha mwenyewe.

Cook alipewa cheo cha Sir mwaka 1932. Mkewe alifariki mwaka 1938, naye akafariki Kampala mwaka 1951.

Sasa natujitazame wenyewe. Sisi watu wa pwani tuna neno nifasi, na hukumu zake twazisoma vyuoni: sala huachwa, saumu hulipwa, arobaini huhesabiwa. Lakini ni wangapi wajuao kuipambanua damu ya nifasi na damu ya mauti? Mji wa mimba usipokaza baada ya kondo kutoka, au kipande cha kondo kikisalia ndani, damu humiminika, na mama aweza kufa kwa saa chache. Damu ikizidi nusu lita ni hatari, na nguo zikilowa moja baada ya moja, mama akaona kizunguzungu na baridi, apelekwe hospitali saa ile ile. Wanaosema kwamba hiyo ni nifasi tu wamelitwaa neno la fiqhi wakalifanya kifuniko cha kaburi. Vivyo hivyo mja mzito aumwaye sana kichwa, avimbaye uso na mikono, macho yakaingia ukungu: wako wasemao ana pepo, na huenda hicho ni kifafa cha mimba chakaribia.

Wala jambo hili si la pwani peke yake. Kijana wetu wa kike aliyesomea ukunga Mombasa aweza kupangiwa kazi Boito, katika vilima vya chai vya Bomet. Huko mama mchuma chai husema Kikipsigis nyumbani mwake, na uchungu ukimshika hutafuta maneno ya lugha hiyo. Mkunga asiyejua huitwaje huko chupa kupasuka, au damu kuzidi, atakuwa kama Cook siku ile alipofika Mengo. Na ajifunze, kama alivyojifunza yeye.

Twawaomba walimu wetu wa madrasa, wanaume kwa wanawake, kila wafundishapo mlango wa hedhi na nifasi, waongeze somo moja la dalili za hatari, wamwite na mkunga aliyesoma alieleze. Mwenyezi Mungu awahifadhi mama zetu na watoto walio matumboni mwao. Amin.