GEORGE WESTINGHOUSE, MTU ALIYESIMAMISHA TRENI KWA HEWA

Wengi wetu tumepata kusimama kando ya njia pale Kasese au Bwera, tukitazama malori yakiteremka kutoka milimani yamejaa mizigo. Dereva wa lori kubwa akiinua mguu wake kutoka kwenye breki, husikika sauti kama ya mtu anayeshusha pumzi. Hiyo ni hewa iliyokuwa ikizuia magurudumu. Aliyeifundisha hewa kazi hiyo alikuwa kijana wa miaka 22, jina lake George Westinghouse.

Alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1846 katika kijiji cha Central Bridge, jimbo la New York, Marekani. Baba yake alikuwa na karakana ya kutengeneza mashine za wakulima katika mji wa Schenectady, na humo ndimo mtoto alimojifunza kazi ya chuma. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea Marekani, alijiunga na jeshi angali kijana, akatumika nchi kavu, kisha baharini. Vita vilipokwisha mwaka 1865 aliingia chuoni, lakini baada ya miezi michache akarudi karakanani, maana moyo wake ulikuwa huko.

Siku zile treni ilisimamishwa kwa mikono ya watu. Dereva alipopiga filimbi, wafanyakazi walikimbia juu ya mabehewa, wakizungusha gurudumu la breki la behewa moja, kisha la pili. Wengi walianguka wakafa. Siku moja Westinghouse alicheleweshwa safarini kwa sababu treni mbili zilikuwa zimegongana mbele yake. Ulikuwa mchana, njia imenyooka, na madereva walikuwa wameonana kwa mbali. Walijua hatari inakuja, ila hawakuwa na njia ya kuizuia.

Jambo hilo halikumtoka moyoni. Alifikiri juu ya minyororo, akafikiri juu ya mvuke, na yote hayakufaa. Ndipo aliposoma gazetini kwamba mafundi waliokuwa wakitoboa mlima kati ya Ufaransa na Italia waliendesha mashine zao kwa hewa iliyoshindiliwa, ikapita katika bomba refu sana. Akaona kwamba hewa iwezayo kutoboa jiwe itaweza pia kukaza breki. Mwaka 1869 alipata hati ya uvumbuzi wake. Katika safari ya kujaribu, karibu na Pittsburgh, treni ilikuta mkokoteni wa farasi umekatiza reli na mwenye mkokoteni ameanguka njiani. Dereva akafungua hewa, na treni ikasimama kabla ya kumfikia. Basi uhai wa mtu ukawa ushahidi wa kwanza.

Hata hivyo Westinghouse hakuridhika. Breki ile ya kwanza ilikuwa na kasoro kubwa: bomba likipasuka, hewa yote hutoka na breki hazishiki. Kwa hiyo mwaka 1872 aligeuza mpango wote. Kila behewa alilipa tangi lake la hewa na vali ya kuliongoza, na bomba likajazwa hewa wakati wote. Hewa ya bombani ikipungua, breki hukaza. Toka hapo, bomba likikatika au mabehewa yakiachana, treni hujisimamisha yenyewe. Hili ndilo jambo kuu alilotuachia: alikitengeneza chombo kikiharibika kiangukie upande wa salama.

Mwaka 1886 na 1887 breki zake zilijaribiwa kwa treni ndefu za mizigo. Mwanzoni mabehewa ya nyuma yaligonga ya mbele kwa nguvu, naye akarudi kazini mpaka akaitengeneza vali upya. Mwaka 1893 Marekani ilitunga sheria ya kuzitaka treni ziwe na breki za namna hiyo. Westinghouse alijulikana vilevile kwa kazi ya umeme. Mwaka 1907, fedha zilipoadimika Marekani, alipoteza uongozi wa kampuni yake kubwa ya umeme. Alifariki tarehe 12 Machi 1914.

Je, sisi wa Kasese na Bwera tuna habari gani na mtu huyu? Reli ilifika Kasese mwaka 1956, ikachukua shaba ya Kilembe kwenda Jinja. Treni hizo ziliacha kuja katika miaka ya 1990, lakini malori yenye breki za hewa bado yapo. Hayo yanataka matangi yamwagwe maji, na saa ya hewa itazamwe kabla ya kuondoka.

Motokaa nyingi kuukuu hazitumii hewa iliyoshindiliwa. Zina kopo la duara liitwalo busta, ambalo humsaidia dereva kwa nguvu ya injini kufyonza hewa. Busta ikifa, breki huwa ngumu kama jiwe, na mguu wa dereva hubaki peke yake. Basi mpimeni msaidizi huyu hivi. Zima injini, kanyaga breki mara tano au sita, kisha shikilia mguu hapo na uwashe injini. Pedali ikizama kidogo, busta inafanya kazi. Isipozama, usikimbilie kununua mpya. Tazama kwanza mpira utokao kwenye injini, kama umepasuka au umelegea. Kisha ipulize vali yake ndogo: hewa ipite kuelekea injini tu. Lakini pedali ikizama polepole hadi chini, ugonjwa ni wa mafuta ya breki au masta silinda, na gari lisiondoke kabisa.

Tena, dereva azimaye injini mteremkoni ili kuokoa petroli anamfukuza msaidizi wake mwenyewe. Atakanyaga mara moja au mbili, kisha atabaki na mguu wake tu, na abiria nyuma yake.

Wenzangu, na ninyi wanafunzi wa zamani mnaomiliki magari, Westinghouse hakungoja ajali ya pili ndipo afikiri. Nasi tusingoje mteremko utuonyeshe mpira uliopasuka, ambao tungeweza kuuona asubuhi tukiwa bado nyumbani.