Yuri Ovchinnikov na pete ya sumu

Wali uliolala kwenye joto usiku kucha unaweza kumtapisha mtu hata ukipashwa moto hadi uchemke. Kwa nini moto haumalizi sumu hiyo? Jibu linatupeleka kwa Yuri Ovchinnikov, mkemia wa Urusi aliyezaliwa Moscow mwaka 1934.

Akiwa kijana alifanya kazi chini ya Profesa Mikhail Shemyakin. Walichunguza valinomaisini, sumu inayotolewa na bakteria wa udongoni. Watafiti wa Ujerumani walioigundua miaka ya 1950 walidhani ni pete ya vipande 8. Shemyakin, Ovchinnikov na wenzao waliitengeneza pete hiyo maabara, lakini haikuua vijidudu. Wakatengeneza nyingine ya vipande 12, na mwaka 1963 wakathibitisha kuwa hiyo ndiyo yenyewe.

Pete hiyo ni kama bangili ya shanga. Ndani ina oksijeni zinazoikumbatia chembe ya potasiamu yenye chaji. Nje ina asili ya mafuta, hivyo hupenya utando wa seli, ambao nao ni wa mafuta. Chembe ya sodiamu ni ndogo, inapwaya. Ya amoniamu inakaribiana na potasiamu kwa ukubwa, kwa hiyo nayo hunaswa, ingawa si kwa nguvu sawa. Potasiamu ikipitishwa ovyo, seli huishiwa nguvu kama betri inayovuja.

Shemyakin alipofariki mwaka 1970, Ovchinnikov aliongoza taasisi yao. Mwaka 1974 akawa makamu wa rais wa Akademia ya Sayansi ya Kisovieti. Alifariki mwaka 1988 akiwa na miaka 53. Taasisi hiyo leo ina majina yao wawili, na valinomaisini hutumika katika vipimo vya potasiamu kwenye damu.

Sumu ya kiporo cha wali, sereulaidi, ni ndugu wa valinomaisini: nayo ni pete ya vipande 12 na hushika potasiamu. Moto wa jikoni huua bakteria wengi, lakini hauivunji pete.

Kwa hiyo, wasikilizaji wetu, wali uliobaki upozwe haraka na uwekwe kwenye friji. Kama huna friji, pika wa kutosha mlo mmoja. Uliolala kwenye joto, mwaga.