Mganga Aliyejiganga

Wahenga walitwambia kwamba mganga hajigangi. Methali hii imekuwa ngao ya watu wengi wa kazi yetu. Mwalimu mshauri hupatanisha wanafunzi waliogombana bwenini, huwaita wazazi waliotengana na kuwakalisha meza moja, kisha jioni hurejea nyumbani ambako hajasemezana na nduguye wa tumbo moja kwa miaka kadhaa kwa ajili ya mpaka wa shamba. Ukimwuliza, atakujibu kwamba kazi ni kazi na nyumba ni nyumba. Hoja yangu leo ni kwamba ukuta huo haupo. Shahidi wangu ni daktari aliyediriki kuubomoa mbele ya wataalamu wenzake, marehemu Murray Bowen wa Marekani, mmoja wa waasisi wa tiba ya familia.

Bowen alizaliwa tarehe 31 Januari 1913 katika mji mdogo wa Waverly, jimbo la Tennessee, akiwa kifungua mimba katika watoto watano. Sisi tunaoishi Iguhu twaweza kuufahamu mji wa namna hiyo bila kuufikia: kila mtu amjua mwenziwe, na jina la ukoo humtangulia mtu njiani. Babake aliendesha biashara ya mazishi, hivyo kijana huyo alikua akitazama jinsi msiba unavyoitikisa nyumba. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Tennessee mwaka 1937. Azma yake ilikuwa kuwa mpasuaji, na nafasi alikuwa amekwisha kuipata katika Kliniki ya Mayo. Lakini utumishi wake jeshini, kati ya 1941 na 1946, ulimwonyesha askari waliojeruhiwa nafsi kuliko mwili. Aliporudi akakiacha kisu, akageukia maradhi ya akili.

Alianzia taasisi ya Menninger huko Topeka, jimbo la Kansas. Enzi hizo mgonjwa alitibiwa peke yake, na jamaa zake wakawekwa kando. Bowen hakuridhika. Mwaka 1954 alihamia taasisi ya serikali ya afya ya akili huko Bethesda, Maryland, akafanya jambo geni: aliwalaza wodini vijana waliougua skizofrenia pamoja na mama zao, na baadaye akawaingiza akina baba na ndugu. Sayansi ya leo haikubali kwamba malezi ndiyo chanzo cha maradhi hayo, nasi tusiwalaumu wazazi. Hata hivyo, aliyoyaona wodini yana thamani hadi sasa. Wasiwasi wa mmoja huwaenea wengine kama moshi jikoni. Watu wawili wakishindwa kuuvumilia, humvuta wa tatu. Mume na mke wenye ugomvi usiosemwa humfanya mtoto kuwa mjumbe, hakimu au mzigo. Hiyo ndiyo pembetatu aliyoifanya mhimili wa mafundisho yake katika Chuo Kikuu cha Georgetown, alikofanya kazi tangu 1959 hadi kufa kwake.

Jambo lililomsumbua ni kuwa pembetatu hizo hazikukomea kwa wagonjwa. Aliziona miongoni mwa madaktari na wauguzi kazini. Akiwa safarini aliyatazama mambo ya kazini kwa utulivu. Akirudi tu, alijikuta ameshanaswa tena na upande huu au ule. Ndipo akatambua kwamba mtu hujifunza kunaswa hivyo katika nyumba aliyozaliwa, na ya kwamba asiyejinasua huko hatajinasua penginepo.

Basi akarudi Waverly. Kwa miaka mingi alikuwa akiwazuru wazazi na nduguze, akijaribu kusema na kila mmoja ana kwa ana, bila kumsengenya wa tatu. Mnamo 1966 na 1967, wakati msiba na mambo ya biashara ya ukoo vilipozua mfarakano, aliwaandikia jamaa zake barua akimfichulia kila mmoja yaliyokuwa yakinong'onwa juu yake. Akaenda nyumbani, akawakuta wamekasirika. Hakuwatoroka wala hakujiunga na kambi yoyote. Alisikiliza, akasema lake kwa utulivu, na nyumba ikapoa.

Machi 1967, katika mkutano wa wataalamu mjini Philadelphia, aliweka kando hotuba iliyotazamiwa akasimulia habari hizo za nyumbani kwake. Kwa tabibu wa zama zile, ilikuwa kama kuvua joho hadharani. Maelezo hayo yalipochapishwa mwaka 1972, hayakubeba jina la mwandishi, ili kuwasitiri jamaa zake. Zaidi ya hayo, aligundua kwamba miongoni mwa madaktari aliowafunza, wale waliojishughulisha na familia zao wenyewe ndio waliofanya vyema zaidi na wagonjwa. Tangu hapo akaifanya safari ya kurudi nyumbani kuwa sehemu ya mafunzo. Alifariki Oktoba 1990, akiwa na umri wa miaka 77.

Yanatuhusu nini haya sisi wa Kakamega? Yanatuhusu sana. Tume ya Gachathi ilipendekeza ushauri nasaha shuleni tangu 1976. Viboko vilipopigwa marufuku mwaka 2001, mzigo wa nidhamu ulimwangukia mwalimu mshauri. Mwaka 2014 Bunge likapitisha sheria ya washauri na wanasaikolojia. Tumeandika mengi juu ya vyeti na usajili. Juu ya nyumba anayotoka mshauri tumenyamaza.

Nami nimeshika chaki miaka mingi, na haya nayaona. Mwalimu aliyelelewa na baba mlevi humhurumia mno mwanafunzi wa nyumba kama yake, hata akashindwa kumwambia ukweli. Au humchukia mzazi kabla hajamsikia. Mwalimu aliyekuwa kitinda mimba akitetewa na kila mtu hungoja mwalimu mkuu amtetee. Si wabaya hao. Wanaongozwa na nyumba ambayo hawajaitazama.

Najua litakalosemwa: kwamba desturi zetu haziruhusu mtoto kumhoji babake, wala mkwe kumkabili mkwewe, na kwamba siri ya nyumba haianikwi. Kweli, na simshauri yeyote aige barua zile za Waverly. Lakini Bowen hakuhimiza utovu wa adabu, na zaidi ya yote hakuhimiza kutengana. Alishikilia kwamba anayeukimbia ukoo wake bado ni mfungwa wake. Kijana wetu anayejificha Nairobi, asionekane nyumbani ila kwenye matanga, hajawa huru. Hujionea mwenyewe pale kaburini, ugomvi wa miaka 20 unapofufuka kabla udongo haujakauka.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mnaojiandaa kwa ualimu pale Eregi na kwingineko, mfanye machache. Chora ukoo wako hadi vizazi vitatu. Uone nani hasemi na nani, na tangu lini. Mzuru mzee mmoja umwulize habari zake, si kumshtaki bali kumjua. Mtu akikuletea maneno ya nduguyo, mrudishe kwa mwenyewe. Kisha uende ofisini ukamsikilize mwanafunzi.

Mganga hajigangi, ni kweli, iwapo maana yake ni kwamba hawezi peke yake. Bowen naye hakujiganga akiwa peke yake: alihitaji wazazi, ndugu, na safari nyingi za kurudi alikozaliwa. Nasi tunao jamaa, na njia ya kurudi kwetu si ndefu.