João Saldanha: Mhakiki Aliyekabidhiwa Timu ya Taifa

Kuna swali ambalo wahakiki wa fasihi huulizwa mara kwa mara, na ambalo aghalabu hulijibu kwa kusitasita: ikiwa unajua riwaya inavyostahili kuandikwa, mbona hujaandika yako? Huulizwa darasani, huulizwa makongamanoni, na wakati mwingine huulizwa na mwandishi ambaye kazi yake imechambuliwa bila huruma. Wengi wetu hujitetea kwamba uhakiki ni taaluma inayojisimamia. Huenda ni kweli. Hata hivyo, katika historia ya kabumbu yupo mhakiki aliyeulizwa swali hilo na wakuu wa mchezo wa Brazil, akalijibu kwa kuikubali kazi. Huyo ni João Saldanha. Nchini mwake maisha yake yamesimuliwa mno, ila ni nadra kutajwa katika lugha yetu. Makala haya yanayaangazia maisha hayo, hususan miezi kumi na mitatu aliyokuwa mkufunzi wa timu ya taifa.

Saldanha alizaliwa tarehe 3 Julai 1917 katika mji wa Alegrete, jimbo la Rio Grande do Sul, kusini kabisa mwa Brazil. Hilo ni eneo la wafugaji wa ng'ombe na wapanda farasi, ambako katika miaka ya utoto wake mizozo ya siasa ilikuwa ingali ikiamuliwa kwa bunduki. Baadaye aliishi Rio de Janeiro, akacheza kandanda kwenye fuo za Copacabana na kuipenda klabu ya Botafogo mapenzi ambayo hayakupoa hadi kufa kwake. Akiwa kijana alijiunga na Chama cha Kikomunisti. Chama hicho kilipigwa marufuku mwaka 1947 na hakikuruhusiwa tena hadi 1985, kwa hivyo sehemu kubwa ya maisha yake ya utu uzima aliishi akiwa mwanachama wa chama haramu, na kila mtu alijua.

Hapa yafaa msomaji atahadharishwe. Saldanha alikuwa msimulizi hodari, na msimulizi hodari ni shahidi mgumu. Alipenda kusimulia kwamba alikuwako China wakati wa harakati za Mao na kwamba alishuhudia majeshi yakitua Normandy mwaka 1944. Waliojaribu kuyaandika maisha yake wamejikuta katika hali anayoifahamu kila mtafiti wa fasihi simulizi: tukio lipo, mtambaji yupo, na katikati yao kuna chumvi ambayo haipimiki. Jambo hili litakuwa na uzito zaidi tutakapofikia suala la kufutwa kwake.

Yasiyohitaji chumvi ni haya. Mwaka 1957 Botafogo ilimkabidhi timu yake, ilhali hakuwa mkufunzi kwa taaluma. Katika kikosi hicho walikuwamo Garrincha, Didi na Nilton Santos. Mwishoni mwa mwaka huo Botafogo iliicharaza Fluminense mabao 6-2 na kutwaa ubingwa wa Rio. Mabao matano yalifungwa na Paulinho Valentim peke yake. Saldanha aliiacha kazi hiyo mwaka 1959 na kugeukia redio, magazeti na baadaye televisheni. Hapo ndipo alipojijengea jina. Aliandika na kunena kwa lugha ya mitaani, lugha ya watu waliosimama kwenye viwanja bila viti, na hakumwogopa kiongozi yeyote wa mchezo. Mwaka 1963 alitoa kitabu kuhusu mambo yanayotendeka gizani katika soka. Lakabu yake, João asiye na woga, alipewa na Nelson Rodrigues, mtunzi wa tamthilia ambaye mchezo wake wa mwaka 1943, Vestido de Noiva, huhesabiwa kuwa mwanzo wa tamthilia ya kisasa ya Brazil. Rodrigues aliwapinga wakomunisti waziwazi. Wawili hao walikaa meza moja katika kipindi cha televisheni kuhusu kandanda, wakabishana kila juma, na urafiki wao ukadumu. (Inafaa tujiulize iwapo wahakiki wetu wa mirengo tofauti wangeweza kufanya vivyo hivyo.)

Ili kuelewa kwa nini mtu wa aina hii aliitwa kuiongoza timu ya taifa, hatuna budi kurejea mwaka 1966. Brazil ilikuwa bingwa wa dunia mwaka 1958 na tena 1962. Ilikwenda Uingereza ikitarajiwa kulichukua kombe kwa mara ya tatu mfululizo. Maandalizi yalikuwa ya fujo: zaidi ya wachezaji arubaini waliitwa kambini, na mkufunzi Vicente Feola alifika Uingereza bila kikosi kilichotulia. Brazil iliishinda Bulgaria 2-0, ikafungwa na Hungary 3-1, kisha ikafungwa na Ureno 3-1. Pelé aliumizwa kwa mateke katika mechi ya kwanza, na katika ile ya tatu alichezewa vibaya hadi akabaki akichechemea uwanjani. Mabingwa walirejea nyumbani bila kuvuka hatua ya makundi. Baada yake akaitwa Aymoré Moreira, aliyelishinda kombe la 1962, lakini matokeo ya mwaka 1968 yakawa ya kupanda na kushuka. Magazeti yaliwasha moto, na miongoni mwa waliouchochea ni Saldanha mwenyewe.

Februari 1969 João Havelange, rais wa Shirikisho la Michezo la Brazil, alimteua Saldanha. Wengi wamelieleza tendo hilo kuwa ni hila: mkosoaji akikabidhiwa timu, wakosoaji wenzake watapunguza makali. Yamkini ndivyo ilivyokuwa, kwa kuwa Havelange hakuwa mtu wa kufanya jambo bila hesabu. Lakini tukumbuke pia wakati wenyewe. Jeshi lilikuwa limetwaa mamlaka mwaka 1964. Desemba 1968, miezi miwili tu kabla ya uteuzi huu, serikali ilitangaza Sheria ya Kitaasisi Nambari 5, iliyolifunga bunge na kuondoa haki ya mshukiwa wa makosa ya kisiasa kufikishwa mbele ya hakimu. Wanahabari walikuwa wakikamatwa. Katika mazingira hayo mkomunisti alipewa kilichokuwa, machoni pa umma, cheo cha pili kwa ukubwa nchini. Sijapata kusoma maelezo yanayonitosheleza kuhusu jinsi majenerali walivyoliruhusu jambo hilo. Labda walidhani mpira ni mpira tu.

Saldanha alianza kwa namna ambayo hakuna aliyeizoea. Siku ya kutambulishwa kwake aliwatajia waandishi wachezaji wake wote ishirini na wawili, kumi na mmoja wa kuanza na kumi na mmoja wa akiba. Tendo hili laonekana dogo, lakini lilikuwa uhakiki kamili wa maafa ya 1966. Kosa kubwa la mwaka ule, kwa maoni yake, lilikuwa kutoamua. Yeye aliamua hadharani, siku ya kwanza, na kila mchezaji akajua nafasi yake. Aliwaita wachezaji hao wanyama wakali, na jina hilo likashika nchini kote. Kiini cha kikosi alikitoa Santos, Botafogo na Cruzeiro ili wachezaji waliozoeana wakae pamoja: Carlos Alberto nyuma, Gérson na Piazza katikati, Jairzinho, Tostão, Pelé na Edu mbele.

Agosti 1969 zilifanyika mechi za kufuzu. Colombia ilifungwa 2-0 ugenini, Venezuela 5-0, Paraguay 3-0. Nyumbani zikafuata 6-2, 6-0 na 1-0. Mechi sita, ushindi sita, mabao 23 kwa mawili. Tostão pekee alifunga kumi. Mechi ya mwisho dhidi ya Paraguay, tarehe 31 Agosti katika uwanja wa Maracanã, ilitazamwa na mashabiki 183,341 waliokata tiketi, na bao la pekee likafungwa na Pelé. Taifa lililokuwa limeinamisha kichwa kwa miaka mitatu likakiinua.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sitaki kudai kwamba methali hii inamhusu Saldanha kikamilifu, kwani mengi yaliyofuata hayakuwa mikononi mwake. Muda mfupi baada ya kufuzu Tostão aligongwa na mpira usoni, mboni ikaathirika, ikabidi apelekwe Houston, Marekani, kufanyiwa upasuaji. Oktoba 1969 Jenerali Emílio Médici akawa rais. Médici naye alikuwa mzaliwa wa Rio Grande do Sul, na alikuwa shabiki sugu wa kandanda. Enzi yake ndiyo inayokumbukwa kwa mateso makali zaidi dhidi ya wapinzani. Novemba mwaka huo Carlos Marighella, kiongozi wa wapiganaji wa chinichini aliyewahi kuwa pamoja na Saldanha katika Chama cha Kikomunisti, aliuawa na polisi mjini São Paulo.

Hata hivyo, si haki kumwandika Saldanha kama malaika. Kufikia Machi 1970 alikuwa akigombana na kila mtu. Mkufunzi wa Flamengo, Yustrich, alipomkosoa hadharani, Saldanha alikwenda kumtafuta kambini kwake akiwa na bastola. Bahati njema Yustrich hakuwepo. Mtu aliyejipatia mkate kwa kukosoa wengine alishindwa kuvumilia kukosolewa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Saldanha sasa alikuwa amekilalia. Alidai pia kwamba macho ya Pelé yalikuwa na kasoro, na akafikiria kumweka nje. Tarehe 4 Machi Brazil ilifungwa na Argentina 2-0 mjini Porto Alegre. Siku nne baadaye ilishinda 2-1 katika Maracanã, kisha ikatoka sare 1-1 na Bangu, klabu ya Rio isiyo na ukubwa wowote, katika mchezo wa mazoezi. Tarehe 17 Machi alifutwa kazi, ikiwa imebaki miezi isiyotimia mitatu kabla ya fainali za Mexico.

Kwa nini alifutwa? Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Dario, mshambulizi wa Atlético Mineiro. Inasemekana Rais Médici alitaka Dario aitwe kikosini, naye Saldanha akajibu kwamba yeye haingilii uteuzi wa mawaziri wa rais, basi rais naye asiingilie uteuzi wa wachezaji. Jibu hilo limerudiwa mara nyingi kiasi kwamba limekuwa kama hadithi ya sungura na fisi: mnyonge, mwenye nguvu, na neno moja linalomshinda mwenye nguvu. Saldanha mwenyewe alilisimulia hadi uzeeni. Lakini wapo wanaoshikilia kwamba bastola, Pelé na sare ya Bangu zilitosha kabisa kumfukuzisha. Rai yangu ni kwamba sababu hizi mbili hazifai kutenganishwa. Utawala wa kijeshi ulikuwa na haja ya kumwondoa mkomunisti kabla ya dunia nzima kumwona Mexico, naye akaurahisishia kazi. Angeendelea kushinda, wangepata taabu kumgusa.

Nafasi yake ilichukuliwa na Mário Zagallo, aliyelitwaa kombe akiwa mchezaji mwaka 1958 na 1962, na aliyewahi kucheza chini ya Saldanha pale Botafogo. Zagallo alimrudisha Piazza katika ulinzi, akawapa nafasi Clodoaldo na Rivelino, na akamwacha Pelé acheze. Dario aliitwa, akasafiri hadi Mexico, na hakucheza hata dakika moja. Tarehe 21 Juni 1970 Brazil iliilaza Italia 4-1 katika uwanja wa Azteca. Médici akapigwa picha akilishika kombe. Kuhusu nani anastahili sifa, mjadala haujafungwa nchini Brazil. Wanaomtetea Zagallo wana hoja nzito, kwa kuwa mpangilio wa timu ulibadilika kwa kiasi kikubwa. Lakini nahodha Carlos Alberto, Gérson, Jairzinho, Tostão na Pelé walikuwa wale wale waliotajwa na Saldanha katika siku yake ya kwanza.

Saldanha alirejea kwenye kalamu na kipaza sauti. Fainali za Mexico alizitangaza kama mwanahabari, akiichambua timu ambayo ingekuwa yake. Kwa miaka ishirini zaidi aliendelea kuandika, ikiwemo katika gazeti la Jornal do Brasil, huku akipigania kuhalalishwa kwa chama chake. Uvutaji wa sigara ulikuwa umeyala mapafu yake. Mwaka 1990 alikuwa mgonjwa mno, lakini alishika safari kwenda Italia kulitangaza Kombe la Dunia, na sehemu ya kazi hiyo aliifanya akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Brazil ilitolewa na Argentina kwa bao moja katika hatua ya timu kumi na sita. Saldanha alifariki mjini Roma tarehe 12 Julai 1990, siku nne baada ya fainali, akiwa na umri wa miaka 73.

Mkufunzi Sebastião Lazaroni alifutwa. Mwaka huohuo shirikisho la Brazil lilimteua Paulo Roberto Falcão, kiungo wa zamani ambaye hakuwa amewahi kuifunza timu yoyote.