Apolo Kagwa, Waziri Mkuu Aliyefia Nairobi

Mwalimu wetu wa historia alipotufunza juu ya Misri ya kale, alitueleza kwamba Farao hakuwa akifanya kazi zote peke yake. Palikuwa na waziri mkuu aliyeshika kodi, kesi na maghala, na jamaa yake wakaneemeka pamoja naye. Nikawaza, kumbe hata hapa Afrika Mashariki alikuwako mtu kama huyo, tena alifia papa hapa Nairobi! Ni Sir Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, yaani waziri mkuu wa Kabaka.

Kagwa alizaliwa miaka ya 1860 katika ukoo wa Nsenene, yaani ukoo wa panzi. Akiwa kijana alitumikia ikulu, na kazi hiyo haikuwa mchezo. Mwaka 1886 Kabaka Mwanga aliwakasirikia vijana waliosoma dini ya Kikristo, wengi wakachomwa moto Namugongo. Kagwa naye alikuwa msomaji. Alipigwa vibaya lakini hakuuawa. Baadaye vita vya dini vikamng'oa Mwanga kitini, halafu Wakristo hao hao wakamrudisha, na Kagwa akawa Katikiro wake. Hebu fikiria, kumtumikia mtu aliyewaua rafiki zako!

Mwaka 1897 Mwanga aliwaasi Waingereza, nao wakamweka mwanawe Daudi Chwa. Mtoto huyo alikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Kabaka ananyonya! Basi Kagwa, Stanislas Mugwanya na Zakaria Kisingiri wakatawala kwa niaba yake, na ndio waliotia sahihi mkataba wa 1900. Ardhi iligawanywa kwa maili, ndiyo sababu mpaka leo Waganda huiita mailo. Wakubwa walijipatia mafungu manono, Kagwa akiwa mmoja wao. Koo nyingi zikakuta makaburi ya babu zao yamo katika shamba la mtu mwingine. Hapo mimi simsifu hata kidogo. Malalamiko ya watu hao yalimfuata hadi uzeeni.

Mwaka 1902 alialikwa London kutazama Mfalme Edward wa Saba akivikwa taji. Alisafiri na karani wake Ham Mukasa, wakapanda treni hadi Mombasa kwa reli ile ya zamani ipitayo upande wetu wa Embakasi, kisha wakapanda meli. Kufika huko, mfalme akaugua, akapasuliwa tumbo, sherehe ikangoja hadi Agosti. Mukasa aliyaandika yote kitabuni. Kagwa mwenyewe alikuwa ameshaandika kwa Kiganda historia ya wafalme wa Buganda, kikachapishwa 1901. Waziri mwenye kazi tele namna ile alipata wapi nafasi? Sisi insha ya kurasa mbili yatushinda!

Jamaa yake haikupotea. Mjukuu wake, Apollo Kironde, aliiwakilisha Uganda katika Umoja wa Mataifa baada ya uhuru wa 1962.

Lakini mwisho wake ulikuwa mchungu. Aligombana na afisa mmoja wa Kizungu, mdogo kwake kwa umri, juu ya vibali vya pombe. Aliona amedharauliwa, na serikali ikamuunga mkono afisa wake. Mwaka 1926, baada ya miaka 36 hivi kazini, mzee akajiuzulu, mwili umechoka. Februari 1927 akafa hapa Nairobi, mbali na Mengo.